Wapigaji wa vyuo vya Marekani wapimwe kwa umbali, si kwa asilimia tupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala iliyotoka hivi karibuni kwenye kurasa za michezo, ambamo mwandishi wako aliwaeleza wasomaji habari za futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, mchezo ambao baadhi ya vijana wa nyumbani siku hizi wanaufuatilia usiku kwenye simu zao. Mengi aliyoyaandika yalikuwa sahihi, na nilifurahi kuyasoma kwa Kiswahili. Ila alipofika kwa wapigaji wa mipira ya kutengwa, yaani wale wachezaji wanaoitwa uwanjani kwa sekunde chache tu ili waupige mpira upite juu ya mtambaa wa panya na katikati ya milingoti miwili, alisema kwa mkato kwamba hao ni watu wa kubahatisha na kwamba timu inayowategemea imejitakia yenyewe. Ushahidi wake ulikuwa mmoja: kwa wastani wanakosa mpira mmoja katika kila minne.

Takwimu hiyo haiko mbali na ukweli. Ninachokipinga ni namna alivyoisoma. Nilifundisha hisabati katika shule za sekondari mkoani Morogoro kabla ya kuhamia Texas pamoja na familia yangu, na mtoto wangu wa pili, ambaye alianza kucheza soka kabla hajajua kusoma, sasa ni mpigaji katika chuo kidogo ambacho sitakitaja, kwa kuwa barua hii haimhusu yeye peke yake. Tangu alipoanza ninatunza daftari. Kila mpira anaoupiga kwenye mechi nauandika: umbali wake kwa yadi, upande wa uwanja ulikotengwa, upepo, hali ya nyasi, na kama ulifika salama mikononi mwa mshikaji. Daftari hilo limenionyesha jinsi maneno mawili, "amefunga" na "amekosa", yanavyoweza kuficha karibu kila kitu ambacho mtu angehitaji kukijua kabla ya kusema kwamba kijana fulani anategemewa au hategemewi.

Kwa wasomaji ambao hawajauona mchezo huu, naomba nieleze kazi yenyewe ilivyo. Timu inayoshambulia hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10 mbele. Ikikwama, na ikiwa imekaribia vya kutosha, inaweza kumwita mpigaji ajaribu kupata pointi 3. Mchezaji mmoja huinama na kuurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, umbali wa yadi 7 au 8, kwa mwenzake aliyepiga goti. Huyo mshikaji lazima audake, ausimamishe wima juu ya nyasi, na kuuzungusha ili nyuzi zake zielekee mbele, mbali na mguu wa mpigaji. Mpigaji, ambaye alikwisha kupima hatua zake nyuma na pembeni, anaanza kukimbia kabla mpira haujasimama sawasawa, kwa sababu akisubiri auone umetulia atakuwa amechelewa. Tangu mpira unaporushwa hadi unapoondoka mguuni, yote hayo huchukua sekunde 1 na theluthi hivi, huku wachezaji 11 wa upande wa pili wakikimbia au kuruka na mikono juu ili wauzuie. Kazi hiyo, kwa hiyo, ina watu 3 wanaougusa mpira na wengine 8 wanaowalinda, lakini kwenye karatasi ya matokeo kosa huandikwa kwa jina moja tu.

Mwandishi wako alilinganisha kazi hii na penalti ya soka, na akaona kwamba mchezaji wa soka ni wa uhakika zaidi. Nashukuru kwa mfano huo, maana unasaidia hoja yangu kuliko yake. Penalti hupigwa kutoka mita 11, mpira ukiwa umetulia, lango likiwa na upana wa mita 7.32. Kipa yupo, ni kweli, lakini mpigaji mwenyewe ndiye anayechagua pa kuupeleka mpira. Pamoja na hayo, penalti za soka la kulipwa huingia kati ya robo tatu na nne kwa tano, na hakuna mwandishi wa michezo Dar es Salaam au Nairobi ambaye kwa sababu hiyo anaiita penalti kamari. Milingoti ya futiboli ya vyuo imeachana kwa futi 18 na inchi 6, yaani mita 5.64, na mtambaa wake wa panya uko mita 3 na ushee kutoka ardhini. Vijana wa vyuo wanafunga kiasi cha robo tatu ya mipira wanayoipiga kuelekea nafasi hiyo, na hupiga kutoka mita 20 hadi mita 50. Kama robo tatu ni sifa kwa mmoja, sioni jinsi inavyogeuka kuwa aibu kwa mwingine.

Umbali ndio kiini cha jambo hili, na naomba uvumilivu nilieleze kwa hesabu kidogo. Mpira unapotengwa yadi 30 kutoka langoni, katikati ya uwanja, nafasi iliyopo kati ya milingoti ni pembe ya digrii 12 hivi. Ukitengwa yadi 50 kutoka langoni, pembe hiyo inabaki digrii 7, maana yake mpigaji anayelenga katikati akikengeuka zaidi ya digrii 3 na nusu upande wowote, amekosa. Mguu ni ule ule na mazoezi ni yale yale, lakini nafasi ya kukosea imepungua karibu nusu, na hapo sijasema lolote kuhusu nguvu inayotakiwa ili mpira ufike wala kuhusu upepo, ambao hupata muda mrefu zaidi wa kuusukuma. Kwa hiyo kumweka katika kapu moja kijana aliyekosa kutoka yadi 52 na kijana aliyekosa kutoka yadi 22 ni sawa na kuchanganya maksi za mtihani wa darasa la saba na za kidato cha sita, kisha kutafuta wastani.

Mchezo wa vyuo una ugumu mwingine ambao wengi wanaotazama ligi ya kulipwa hawautambui. Uwanja una mistari miwili ya vistari vifupi inayokwenda urefu wake wote, na mchezo unapoishia pembeni, mpira hurudishwa kwenye mstari ulio karibu. Katika ligi ya kulipwa mistari hiyo imeachana kwa futi 18 na inchi 6, sawasawa na milingoti, kwa hiyo mpigaji daima yuko mbele ya lango. Vyuoni imeachana kwa futi 40, zaidi ya mita 12. Mpira ukiwekwa kwenye mstari wa kushoto, mpigaji amesimama nje ya mlingoti wa kushoto na inambidi apige mshazari, na hilo huuma zaidi kadiri anavyokuwa karibu na lango, kwa kuwa mshazari ndipo unapokuwa mkali. Katika daftari langu safu ya upande wa uwanja ndiyo niliyoiongeza baadaye kuliko zote, baada ya mwanangu kunisihi. Aliniambia, "Mama, yadi 27 kutoka pembeni na yadi 27 kutoka katikati usiziandike pamoja." Nilikuwa nimeziandika pamoja kwa msimu mzima.

Isitoshe, masharti haya hayakuwa hivi siku zote. Kuanzia mwaka 1959 milingoti ya vyuo ilikuwa imepanuliwa hadi futi 23 na inchi 4, zaidi ya mita 7, na wapigaji waliruhusiwa kuuweka mpira juu ya kigoda kidogo cha plastiki. Katika miaka hiyo ndipo Ove Johansson, kijana wa Kiswidi aliyesoma Abilene Christian hapa Texas, alipofunga kutoka yadi 69 mwezi Oktoba mwaka 1976, umbali ambao katika mechi rasmi za vyuo haujavukwa. Kisha kanuni zikaanza kubana. Mwaka 1989 kigoda kilipigwa marufuku kwa mipira ya kulenga lango. Mwaka 1991 milingoti ilirudishwa kwenye upana wa mita 5.64. Mwaka 1993 mistari ya pembeni ilisogezwa ndani kidogo hadi futi 40 za sasa, na huo ulikuwa unafuu pekee. Mtu anayelinganisha vijana wa leo na wale wa miaka ya 1970 bila kuyataja mabadiliko haya anawaonea. Na bado, mwaka 1998, Martin Gramatica wa Kansas State, mzaliwa wa Argentina, alifunga kutoka yadi 65 bila kigoda, mpira ukiwa juu ya nyasi tupu.

Mwaka huo wa 1991 ulitoa mfano ambao mashabiki wa Florida State hawajausahau. Tarehe 16 Novemba timu yao, iliyokuwa ya kwanza katika orodha ya taifa, iliikaribisha Miami iliyokuwa ya pili. Sekunde zikiwa zimebaki chache na Miami ikiongoza kwa 17 dhidi ya 16, Gerry Thomas aliitwa kupiga kutoka yadi 34. Mpira ulipita kulia kwa mlingoti. Kwa miaka zaidi ya 30 kosa hilo limekuwa jina la kejeli, na kila mpigaji wa Florida State aliyekosa dhidi ya Miami baadaye, akiwemo Dan Mowrey mwaka uliofuata, ameunganishwa nalo. Yanayosahaulika ni mawili. La kwanza, milingoti ilikuwa imepunguzwa sentimita 74 kila upande msimu ule ule, na wapo waliouona mpira huo wakasema kwamba mwaka mmoja kabla ungeingia. La pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi, ni kwamba pointi 9 kati ya zile 16 za Florida State alizifunga Thomas huyo huyo, kwa mipira mitatu aliyoipiga mapema katika mechi hiyo. Bila yeye hapangekuwa na mechi ya kuamuliwa na mpira wa mwisho. Nani aliyesema jioni ile kwamba washambuliaji, ambao walikuwa wameingia na mpira katika eneo la mwisho, lile lililo nyuma ya mstari wa lango, mara moja tu, hawategemeki?

Sasa niseme juu ya uchache wa mipira, jambo ambalo mwalimu yeyote wa hisabati angelisema mapema zaidi. Mpigaji wa chuo hupata nafasi kama 20 kwa msimu mzima, wengine pungufu ya hapo. Tuchukue kijana ambaye uwezo wake halisi ni kufunga 80 kwa 100, na tuseme uwezo huo haupandi wala haushuki. Akipiga mipira 20, hesabu za bahati zinaonyesha kwamba anaweza kumaliza msimu akiwa amefunga popote kati ya 14 na 18 bila mtu kustaajabu. Kwa kweli matokeo yataangukia humo mara 5 katika kila 6. Maana yake ni kwamba kijana huyo mmoja, kwa mguu huo huo, mwaka huu anaweza kuandikwa asilimia 70 na akazomewa, na mwakani akaandikwa asilimia 90 na akabebwa mabegani. Kocha anayemwondoa kikosini kijana wa namna hiyo baada ya mipira miwili mibaya anaamini kwamba ameona udhaifu, ilhali alichokiona ni uchache wa namba. Nimewahi kuliona hilo likitendwa kwa mtoto wa watu, mwenzake na mwanangu, katika timu ambayo haikuwa hata na kocha wa upigaji, na nakumbuka jinsi alivyokaa peke yake mwisho wa benchi mechi nzima, kofia yake ya chuma ikiwa mapajani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa Alabama. Tarehe 5 Novemba mwaka 2011 timu hiyo ilicheza na LSU, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ikafungwa 9 kwa 6 katika muda wa nyongeza, na wapigaji wake wawili, Cade Foster na Jeremy Shelley, walikosa mipira 4 kati ya 6. Nchi nzima ilisema kwamba Alabama haina wapigaji. Lakini hiyo minne ilipigwa kutoka yadi 44, 49, 50 na 52, na ule wa yadi 49 ulizuiwa na mikono ya wapinzani. Hakuna hata mmoja uliokuwa wa karibu. Wiki tisa baadaye, tarehe 9 Januari mwaka 2012, timu hizo mbili zilikutana tena katika fainali ya ubingwa wa taifa. Alabama ilishinda 21 kwa 0, na pointi 15 kati ya hizo zilitoka mguuni kwa Shelley, aliyefunga mipira 5 kati ya 7. Sidhani kwamba Shelley alikuwa mtu mwingine Januari. Mwanahesabu angesema kwamba tulikuwa tumepewa mipira 6 ya kuwapimia watu wawili, na kati yake mingi ilikuwa migumu.

Miaka miwili baadaye mzigo ulimwangukia Foster. Tarehe 30 Novemba mwaka 2013, ugenini kwa Auburn, alijaribu mipira 3 na hakupata hata mmoja. Mmoja ulizuiwa. Kabla ya mwingine alikuwa amekwisha kufunga, lakini bao likafutwa kwa sababu wenzake walitikisika kabla ya mpira kurushwa, wakarudishwa nyuma yadi 5, akarudia, akakosa. Sekunde 1 ikiwa imebaki na matokeo yakiwa 28 kwa 28, kocha alimwita kijana mwingine, Adam Griffith, ajaribu kutoka yadi 57. Mpira ulipungua nguvu, Chris Davis wa Auburn akaudaka ndani kabisa ya eneo lao la mwisho na kukimbia nao uwanja mzima hadi upande wa pili, na Auburn ikashinda. Usiku ule Foster alitumiwa vitisho vya kuuawa kwenye mitandao. Alikuwa mwanafunzi, Ndugu Mhariri, ambaye Jumatatu alikuwa na darasa. Baadaye George W. Bush, rais wa 43 wa Marekani, alimwandikia barua ya kumtia moyo, na inasemekana kilichomvuta ni kwamba Foster alivaa jezi namba 43. Lilikuwa jambo jema. Lakini kijana wa miaka 20 na ushee hakupaswa kuhitaji barua ya rais ili ajisikie salama kutembea chuoni kwake.

Yaliyompata Foster yalikuwa yamekwisha kumpata Kyle Brotzman wa Boise State tarehe 26 Novemba mwaka 2010. Yeye sitamtetea kwa umbali, kwa kuwa alikosa kutoka yadi 26 muda wa kawaida ukikaribia kwisha, na tena kutoka yadi 29 katika muda wa nyongeza, na hizo ni yadi ambazo mpigaji wa ngazi yake anatazamiwa kufunga. Nevada ilishinda 34 kwa 31, na ushindi wa Boise State wa mechi 24 mfululizo ukakoma hapo. Hata hivyo timu ile ilikuwa ikiongoza kwa 24 dhidi ya 7 wakati wa mapumziko. Pointi 17 zilipotea mikononi mwa watu wengi, katika kipindi kizima, na hakuna aliyeyajua majina yao asubuhi iliyofuata. Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi huikumbuka methali hiyo kila ninaposikia watu 60,000 wakimzomea mtu mmoja.

Nisije nikaonekana kuwa ninatetea kila kitu kwa kuwa mimi ni mama. Yapo mambo ambayo hata daftari refu haliyaelezi. Roberto Aguayo, katika miaka yake mitatu Florida State, alifunga mipira 69 kati ya 78, hakuwahi kukosa hata mmoja kutoka chini ya yadi 40, na alipiga mipira yote 198 ya pointi ya ziada, ile inayopigwa kwa karibu baada ya timu kuingia katika eneo la mwisho, bila kukosa. Kwa kipimo chochote ninachokijua huyo alikuwa wa kutegemewa kuliko karibu wote waliomtangulia. Mwaka 2016 timu ya kulipwa ya Tampa Bay ilimchukua akiwa wa 59 katika uteuzi wa wachezaji wapya, nafasi ya juu ambayo wapigaji huipata kwa nadra. Msimu huo alifunga 22 kati ya 31, na kabla ya msimu uliofuata kuanza aliachwa. Mipira 78 ni mingi kwa viwango vya chuo, na bado haikutosha kutabiri. Ninakubali, basi, kwamba ipo sehemu ya kazi hii iliyo kichwani na moyoni, ambayo namba zangu haziifikii. Nasema tu kwamba sehemu hiyo haionekani katika mpira mmoja wa mwisho, wala asilimia moja ya msimu haiwezi kuitenganisha na umbali, upepo na bahati.

Chuck Nelson wa Chuo Kikuu cha Washington naye anafaa kutajwa hapa. Kati ya mwaka 1981 na 1982 alifunga mipira 30 mfululizo, akamaliza msimu wa 1982 akiwa amefunga 25 kati ya 26. Ule mmoja aliokosa ulikuwa katika mechi dhidi ya mahasimu wa jimboni kwao, Washington State, waliowafunga 24 kwa 20. Muulize mzee yeyote wa Seattle aliyeshabikia timu ile, na atakuonyesha kwa kidole mahali mpira ulipopita. Ile 30 itabidi umkumbushe wewe.

Nimesema haya kwa gazeti la Kiswahili, badala ya kuyapeleka kwa wahariri wa hapa Texas, kwa sababu jambo hili linatugusa kuliko mwandishi wako alivyodhani. Upigaji wa kisasa uliletwa katika mchezo huu na watoto wa wageni waliokulia kwenye soka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Pete Gogolak, ambaye familia yake ilikimbia Hungaria baada ya mapinduzi ya 1956, alianza kupiga kwa upande wa ndani wa mguu akiwa Cornell, wakati Wamarekani wote walikuwa wakipiga kwa ncha ya kiatu. Leo wote wanapiga kama yeye. Clemson, chuo cha South Carolina, kiliwapata Wanigeria wawili kwa njia hiyo hiyo ya soka: Obed Ariri, kisha Donald Igwebuike, aliyekuwa mpigaji wa kikosi kilichotwaa ubingwa wa taifa wa mwaka 1981 na kufunga mipira 3 katika fainali dhidi ya Nebraska iliyokwisha kwa 22 dhidi ya 15. Mlango huo bado uko wazi. Hapa Texas watoto wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo wamejaa katika timu za soka za mitaani, na makocha wa futiboli wa shule wanakuja kuwatazama. Baadhi yao watavaa jezi za vyuo miaka michache ijayo, ndugu zao walioko Tanga, Kisumu na Goma watafungua gazeti lako kutafuta habari zao, na mimi nisingependa neno la kwanza watakalolikuta liwe "wa kubahatisha".

Ombi langu kwa dawati lako la michezo ni dogo. Mnapoandika kwamba mpigaji amefunga 15 kati ya 20, andikeni pia ni mingapi ilikuwa chini ya yadi 40 na mingapi ilizidi hapo. Takwimu hizo hutolewa na vyuo vyenyewe kila wiki na hazichukui zaidi ya mstari mmoja wa gazeti. Mpira uliozuiwa au ulioshikwa vibaya utajwe kuwa umezuiwa au umeshikwa vibaya. Na mchezaji ambaye bado ni mwanafunzi, hasa asiyelipiwa ada na chuo, kama walivyo wapigaji wengi katika vyuo vidogo, asiitwe mzembe na mtu ambaye hakuwapo uwanjani.

Kama mwandishi wako atapenda, niko tayari kumtumia nakala ya kurasa za daftari langu, zikiwa na safu zake zote, ili aone namna ya kuzichora. Jina la mwanangu nitalifuta kwanza. Jumamosi hii wanacheza ugenini, utabiri unasema upepo utavuma kutoka kusini, na mimi nitakuwa jukwaani upande wa milingoti ya kaskazini.

Wako,

Mwalimu wa zamani wa hisabati,
Texas, Marekani